Nilichimbia bikoni za mita sitini Ziwa Babati: kamba ile ile, maji siyo yale yale

Wakuu, salamu kutoka Babati.

Habari ninayoleta hapa sikusimuliwa na mtu. Kamba niliishika mimi, zege nililikoroga mimi, na kosa nililifanya mwenyewe nikiwa na akili zangu timamu. Sitaongeza chumvi. Hata bila chumvi bado inanikwama kooni.

Majina nimeyaacha, na mtaa sitautaja. Wale wa Babati mtaujua tu. Mkiujua, naomba mtulie.

Mimi ni fundi ujenzi. Naishi Nakwa na familia, mtaani wananiita Baba Neema. Kwa ninyi ambao mpaka leo mnaiita Manyara "mkoa mpya" na mnadhani bado tunaomba ruhusa Arusha: tuna ziwa letu hapa hapa mjini. Lina viboko, lina samaki, na kandokando yake kuna watu wanaolima mboga na vitunguu. Ukila kachumbari Babati, kuna uwezekano mkubwa kitunguu hicho kimemwagiliwa kwa ndoo kutoka kwenye hilo ziwa.

Sasa twende taratibu.

Kuna sheria inayokataza shughuli za kudumu ndani ya mita sitini kutoka kwenye ukingo wa ziwa. Nia yake ni nzuri, sibishani nayo. Kila mvua ikinyesha udongo unaingia ziwani, kina kinapungua, na kina kikipungua tunaoumia ni sisi sote.

Mtaani wakaunda kamati ya kulinda ziwa. Kamati ikatafuta fundi wa kutengeneza nguzo za zege, bikoni kama tunavyoziita, na kuzichimbia kwenye mstari wa mita sitini. Kazi nikapewa mimi.

Nilifurahi sana, nisiwe mnafiki.

Namna tulivyopima ni hivi. Tulichukua kamba ya nailoni, tukaipima kwa tepu mpaka mita sitini kamili, tukafunga fundo na kitambaa chekundu mwishoni. Mwenyekiti wa kamati anasimama na ncha moja pale maji yanapogusa nchi kavu. Mimi napanda na ncha nyingine kuelekea juu. Kamba ikikaza, nachimba hapo.

Rahisi kabisa. Hata mtoto wa chekechea angeelewa, na ndiyo maana hakuna aliyejisumbua kufikiri.

Kuna kitu kimoja naomba mkishike, kitakuja mbele. Mimi nina mazoea niliyorithi kwa fundi aliyenifundisha kazi. Nikimwaga zege, likiwa bado bichi, nachukua msumari naandika tarehe juu yake. Siyo mapambo. Zege linatakiwa limwagiliwe siku saba ndipo likomae, na ukiwa na kazi nyingi unasahau lipi ulimwaga lini. Kwa hiyo kila bikoni yangu ina siku na mwezi kichwani.

Tulianza mwezi wa kumi, upande wa loji.

Mwenye loji ni mzee mmoja mstaafu. Nisimpakaze, siyo mtu mbaya. Ameajiri vijana wa mtaani, amepanda miti mingi, na siku zote tulizofanya kazi kwake alituletea chai na maandazi bila kuombwa. Chini karibu na maji ana banda kubwa la nyasi, wageni wanakaa pale na soda zao wanaangalia viboko.

Mwezi wa kumi huku ni kiangazi kilichokomaa. Ziwa lilikuwa limerudi nyuma kabisa, limeacha tope lililopasukapasuka. Mwenyekiti alishuka chini huko mpaka nikawa namwona mdogo. Nikapanda na kamba. Ikakaza hatua chache tu kabla ya banda.

Banda likapona. Mzee akacheka, akasema Mungu ni mkubwa. Na sisi tukacheka.

Tukachimbia bikoni tano mpaka kwenye uzio wake. Ng'ambo ya uzio ndiyo zinaanza bustani za kina mama.

Hapo ndipo mimi nilipofanya langu.

Nilikuwa nimeitwa Mutuka kuezeka nyumba ya mtu, kazi nzuri, mwenye nyumba ana haraka. Nikamwomba mwenyekiti tusimamishe bikoni wiki mbili. Akakubali bila shida.

Wiki mbili zikawa mwezi. Mvua za vuli zikashika, zege haliwezekani. Krismasi ikaingia. Baada ya hapo kila mtu yuko shambani. Kuja kushtuka ni mwezi wa nne, mwenyekiti ananipigia simu anasema mradi unataka kufungwa, kazi imalizike wiki hiyo hiyo.

Mwezi wa nne, wakuu. Masika imepamba moto.

Nikakuta ziwa limepanda. Kule kwetu ukingo ni tambarare, kwa hiyo maji yakiongezeka kidogo tu kwenda juu, kwa upande yanatembea mbali. Pale tulipokanyaga tope kavu mwezi wa kumi, sasa ndege walikuwa wanaogelea.

Mwenyekiti akasimama kwenye maji ya siku hiyo. Mimi nikapanda na kamba. Nikapita tuta la kwanza. Nikalipita la pili. Kamba ilikuja kukaza juu kabisa, kwenye njia ya ng'ombe, bustani zote zikiwa chini yangu.

Sasa nimtambulishe Mama Safari.

Ni mjane, Mwiraki kutoka kule juu Mbulu, ameolewa akaja Babati zamani. Bustani yake ndiyo ya kwanza ukitoka uzio wa loji. Yeye na wenzake wana utaratibu wao wanauita kufuata maji. Ziwa likirudi, wanashuka nalo wakipanda nyuma yake. Ziwa likipanda, wanalipisha, hawalalamiki. Mipaka yao ni mawe yanayoshuka kuelekea majini, na ncha ya chini haina mwenyewe. Hakuna kesi hata moja iliyowahi kwenda kwa balozi wa nyumba kumi kwa sababu ya ncha ya chini.

Siku ile alikuwa amesimama pembeni na jembe lake, ananiangalia nikichimba.

Akaniambia, "Baba Neema, mnapimia maji haya ya leo? Haya ni mageni. Yatakaa kidogo yataondoka."

Nikamjibu, na mpaka leo hili jibu linanitesa: "Mama, usiwe na wasiwasi. Kamba ni ile ile."

Tena nilisema huku natabasamu.

Akaniuliza bikoni ni za nini. Mwenyekiti akamwambia ni za ramani tu. Akaitikia, akaondoka.

Ukisimama kwenye uzio wa loji ukaangalia, bikoni ya mwisho ya mzee iko chini kule, halafu bikoni ya kwanza ya kina mama imeruka juu. Mstari una goti. Nililiona siku ile ile. Nikajiambia ziwa lina kona zake, mimi siyo mpima ardhi, mimi ni fundi.

Wakuu, ukiona mtu anajisemesha sana peke yake, ujue kuna kitu anakikimbia.

Mvua zikaisha. Maji yale mageni yakaondoka kama alivyosema. Kina mama wakashuka nayo, wakapanda vitunguu. Mama Safari alipanda bustani nzima, na mtaa mzima ulijua kwa nini. Binti yake wa mwisho amechaguliwa kwenda chuo cha uuguzi, na mama alikuwa ameshasema hadharani kuwa vitunguu hivyo ndivyo vitakavyompeleka. Hana ng'ombe wa kuuza. Ana vitunguu.

Mwezi wa nane kamati ikatoa matokeo.

Walio nje ya mstari na wanapakana nao wakaitwa walinzi wa ziwa. Wakapewa mizinga ya nyuki, miche ya parachichi, na ruhusa ya kupeleka wageni kwa mitumbwi kuangalia viboko. Upande wetu mwenye sifa hizo alikuwa nani? Mzee wa loji.

Walio ndani ya mstari wakaitwa wavamizi. Wakapewa siku thelathini.

Vitunguu vilikuwa ndiyo kwanza vinaanza kujaza. Siku thelathini zilikuwa zinaisha kabla havijakomaa. Kitunguu ukiking'oa wakati huo unabaki na majani tu, hata mbuzi anakisusa.

Siku ya pili yake nikakutana na Mama Safari njiani, kabeba ndoo. Nikamwamkia, "Shikamoo, mama."

Hakuitikia.

Nikadhani hajasikia, nikarudia. Akanitazama usoni vizuri kabisa, akapita.

Kwa ninyi wa mijini labda ni jambo dogo. Huku kwetu mtu mzima kukunyima marahaba ni adhabu nzito. Afadhali angenitukana. Tangu siku ile nikawa nachagua njia za kupita kama mtu anayedaiwa. Dukani natuma mtoto. Chakula hakipandi. Kila nikishika mwiko wa kupigia lipu naiona ile njia ya ng'ombe.

Nilikuwa najua, ndiyo shida yenyewe. Ningekuwa sijui ningelala usingizi wangu.

Ikaitishwa mkutano wa hadhara kusikiliza malalamiko. Siku mbili kabla ya mkutano, mwenyekiti akaja nyumbani asubuhi. Akanywa chai, akasifia mahindi yetu, akacheza na Neema. Halafu akasema, kama mtu aliyekumbuka tu:

"Fundi, zile bikoni za upande wa loji zimechakaa, na mgeni anakuja kutoka ofisi ya mazingira. Kazipige nili kidogo zing'ae. Hasa kichwani."

Kwa wasiojua, kupiga nili ni kupaka uji wa saruji na kulainisha mpaka zege linakuwa kama sakafu ya sebuleni.

Nikachukua saruji na mwiko, nikaenda. Nitawaambia ukweli, nilifurahi kuwa na kitu cha kufanya kwa mikono. Nikapiga ya kwanza. Nikapiga ya pili. Nikapiga ya tatu, inateleza vizuri, najisifu.

Nikafika ya nne. Nikaifuta vumbi kichwani kwanza ili nili ishike.

17/10.

Msumari wangu mwenyewe, mwandiko wangu mwenyewe.

Wakuu, niliweka mwiko chini. Ndipo nikaelewa neno "hasa kichwani". Hizo tarehe ndizo kitu pekee pale ziwani kinachosema maji yalikuwa wapi siku tunapima. Na mimi nimeshazifuta tatu.

Nikakimbia kurudi ya kwanza nifute nili kwa gunia lenye maji. Ilishashika. Saruji hii ya siku hizi haina subira. Nikakwangua kwa msumari, nikaishia kuichora michirizi. Nikakaa chini pale pale kwenye nyasi.

Labda mwenyekiti hakuwa na nia mbaya. Nimelifikiria hilo mara nyingi. Labda alitaka zing'ae tu. Sijui, na sitamhukumu humu. Ninachojua ni kwamba mikono iliyofuta ilikuwa yangu.

Nikaacha mbili zilizobaki, nikarudi nyumbani. Mama Neema akaniona nilivyo.

"Umeumwa na nyoka?"

Nikamweleza yote. Alikuwa anachambua mchele, hakusimama. Akasema, "Ukisema, kazi za kamati utazisahau. Usiposema, utakuwa unamwamkia nani?"

Akaendelea kuchambua mchele. Mke wangu ana tabia ya kukuacha na swali kama hilo halafu anakuuliza utakula nini.

Siku ya mkutano ilifika. Watu walijaa, kina mama wa bustani wamekaa mbele. Mzee wa loji alikuwepo na kofia yake. Mgeni wa ofisi ya mazingira alikuwa dada mmoja kijana, daftari mkononi, hasemi sana. Bikoni alikuwa anazifahamu kwenye ramani tu.

Mwenyekiti akafungua: "Jamani, tusilete maneno. Kamba ni moja. Mzee wa loji amepimiwa mita sitini, na kina mama wamepimiwa mita sitini. Hakuna aliyepunjwa. Fundi yupo hapa, muulizeni."

Macho yote kwangu.

Nikasimama. Nikasema, "Ndiyo. Kamba ni moja."

Nikakaa.

Ndiyo, wakuu. Nilikaa. Naomba mnitukane kidogo hapo halafu tuendelee.

Mama Safari akasimama taratibu, akajifunga kanga vizuri.

"Mimi sijauliza kamba. Kamba naijua, huyu Baba Neema aliniambia ni ile ile. Mimi nauliza maji. Siku mnapima kwa jirani yangu, maji yalikuwa wapi? Na siku mnapima kwangu, yalikuwa wapi?"

Mwenyekiti akacheka kidogo. "Mama, nani anakumbuka maji ya mwaka jana?"

Watu wengine wakacheka naye. Mama Safari alibaki amesimama peke yake, akiangalia huku na huku kama anatafuta mtu wa kumsaidia kukumbuka. Ile sura siisahau. Nikajua nisiposimama sasa hivi sitasimama tena maisha yangu yote.

Nikasimama mara ya pili.

"Maji yameandikwa," nikasema. Sauti ilitoka nyembamba kama ya kifaranga. "Bikoni zina tarehe. Twendeni tukaone."

Mkutano mzima ukashuka ziwani. Njiani sikuwa na mtu wa kutembea naye. Mwenyekiti alinipita akaninong'oneza, "Umenivua nguo mbele za watu." Ilikuwa kweli.

Bikoni ya kwanza, inang'aa, laini. Ya pili hivyo hivyo. Ya tatu hivyo hivyo. Watu wakaanza kuguna. Yule dada wa mazingira akaniuliza, "Tarehe iko wapi?"

Nikamwambia, "Hizi tatu nimezifuta mimi mwenyewe juzi. Nilizipiga nili."

Sikumtaja aliyenituma. Wengine mtaniambia nilikosea. Labda. Ila siku ile nilitaka kosa langu libebe jina langu tu.

Ya nne: 17/10. Ya tano: 18/10. Tukavuka uzio mpaka njia ya ng'ombe, bikoni ya Mama Safari: 22/4.

Dada akazisoma kwa sauti, moja moja, akaandika. Hakuhitaji kueleza. Kila mtu wa pale anajua ziwa mwezi wa kumi na ziwa mwezi wa nne.

Mzee wa loji akavua kofia, akanitazama kwa huzuni. "Kwa hiyo fundi, chai yangu yote ile..."

Watu walicheka, hata mimi nilicheka, ingawa machozi yalikuwa karibu.

Sasa nilidhani kina mama wamepona. Moyoni nilishaona bikoni za njia ya ng'ombe zinang'olewa na kushushwa chini. Nilishajiona shujaa.

Dada akafunga daftari. Akasema kwa utaratibu kwamba kipimo sahihi hakianzii kwenye maji ya siku unayopima. Kinaanzia pale maji yanapofika yakijaa.

Maana yake bikoni za Mama Safari ziko karibu na sahihi. Zilizokosewa ni za loji.

Ukweli nilioutoa kwa tabu yote ile haukumrudishia mama hata tuta moja. Ulichofanya ni kupandisha mstari wa mzee, na banda likaingia ndani.

Na hapo, wakuu, ndipo nilipoona maajabu. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Wiki zote zile kina mama waliambiwa sheria ni sheria, siku thelathini hazina mjadala. Mstari ulipogusa banda la nyasi, ghafla watu wakaanza kusema "tuangalie ubinadamu", "tupeane muda". Wale wale waliotingisha vichwa kina mama walipoomba muda wa kuvuna.

Mama Safari aliwasikiliza mpaka wakamaliza. Akasema:

"Mimi ziwa nalifahamu kuliko ninyi, maji yake nimeyabeba kichwani miaka yote. Kama linataka nafasi, nitaondoka. Ila niondoke na jirani yangu. Na hiyo mizinga yenu, apewe anayeondoka."

Kina mama wakapiga vigelegele. Yule dada aliandika hilo pia, nilimwona.

Wakakubaliana hadharani: mstari mmoja kwa wote, kutoka kwenye alama ya maji yakijaa. Muda mmoja kwa wote, mpaka mwisho wa mwezi wa kumi, mama avune na mzee abomoe banda. Mizinga na miche igawanywe upya, waanze wanaohama. Watu wakanyoosha mikono. Na mzee wa loji alinyoosha wake.

Bikoni tano za loji nikazing'oa mwenyewe, nikachimbia nyingine juu. Kazi hiyo niliifanya bure, lilikuwa deni langu. Mwenyekiti alisimama pembeni akaniambia safari hii hakuna haja ya kuandikaandika. Nikaandika. Kubwa zaidi.

Mwezi wa kumi ukafika mwisho.

Mama Safari alivuna. Vitunguu vilitoka vizuri, vyekundu, vimejaa. Binti amekwenda chuo. Siku ya mwisho ya ahadi, mama aling'oa yale mawe yake ya mpaka moja moja akayapanga pembeni, akatoka. Hakusubiri kufukuzwa. Sasa analima kwa shemeji yake Sigino, shamba la kusubiri mvua, hakuna ziwa la kuchota. Mwaka wa mwanzo huu, hajui utakuwaje.

Juzi nimemkuta sokoni na fungu lake la mwisho la vitunguu. Nilitaka kugeuza njia, mazoea. Nikajikaza.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Baba Neema."

Tangu mwezi wa nane nilikuwa nalisubiri hilo neno. Nikachutama pale pembeni ya fungu lake, nikawa nachagua vitunguu bila kuangalia ninachochagua.

Akaniuliza, "Na jirani yangu ametoka?"

Nilijua ataniuliza. Kila Jumapili baada ya ibada napita kule kuangalia. Banda lipo. Wageni wapo, soda zipo. Mizinga iko kwenye stoo yake. Wanasema ameomba kuongezewa muda, maombi yanashughulikiwa.

"Bado, mama."

Akanipokonya kitunguu kimoja nilichokishika, kilikuwa kimeanza kuoza, akaniwekea kizima.

"Basi kamba siyo ile ile," akasema.

Nimerudi nyumbani na vitunguu vyangu, na tangu juzi sina raha.

Nilichojifunza mimi, kwa akili yangu ya ufundi: mnaweza kuwapimia watu wawili kwa kipimo kimoja na bado mkawa mmemwonea mmoja. Angalieni mnapimia wapi na mnapimia lini. Halafu mkishamaliza kupima, angalieni nani ametii na nani bado anashughulikiwa. Ziwa ni letu sote, lakini mpaka ninapoandika hapa aliyelilipia ni mwenye ndoo, na anayelifaidi ni mwenye banda.

La pili ni la kwangu binafsi. Nilikuwa na nafasi ya kusema mwezi wa nne, na mama alinipa maneno mdomoni kabisa. Nikatabasamu.

Sasa naomba msaada wenu, siyo pole. Humu kuna wanasheria, kuna watu wa mazingira, kuna waliopitia mambo kama haya Singida, Mwanza na kwingineko. Makubaliano ya mkutano wa hadhara, watu wamenyoosha mikono, yanafuatiliwa vipi mmoja akigoma? Barua niandike mimi fundi au waandike kina mama? Iende kwa nani ili isiishie kwenye droo?

Na wale mtakaokuja kuniuliza kwa nini nilipiga nili zile tatu, nimeshawajibu huko juu, someni.

Picha za bikoni mpya ninazo. Kichwani imeandikwa siku niliyoichimbia, na pembeni nimeongeza siku banda lilipotakiwa kuondoka. Zege hilo limeshakomaa. Karibuni.